Msome refa mikono

Tangu mwanangu aanze kucheza futiboli ya Kimarekani shuleni kwao hapa Columbus, macho yangu hayabanduki kwa refa mwenye kofia nyeupe. Kitambaa cha njano kikitupwa, kuna kosa; ngoja ishara ya mikono yake. Akizungusha vigasha mbele ya kifua, mshambuliaji kajitikisa kabla ya mpira kuanza: timu yake inarudishwa yadi 5 nyuma. Akijishika kifundo cha mkono, kuna aliyemng'ang'ania mpinzani. Yadi 10 hizo. Mwanangu hucheza mstari wa mbele, kwa hiyo ishara hiyo naijua kuliko zote, jamani!

Ninachokipenda zaidi: timu iliyokosewa inaweza kuikataa adhabu. Kama imeshafunga, irudie mchezo wa nini? Baba yake bado anabisha kwamba huo si mpira.