Nilivyoingiza fazi kwenye bendi ya dansi

Napiga gitaa la solo kwenye bendi ya dansi hapa Dar es Salaam. Nyimbo zetu nyingi ni za wakubwa waliotutangulia, na zile tunazotunga wenyewe zinafuata mwendo uleule: solo, solo la pili, ridhim, besi, tumba na drams. Humo nilitaka kuingiza fazi, ile sauti nzito ya gitaa inayonguruma na kukwaruza, ambayo vijana wa Zambia waliifanya kuwa alama yao miaka ya 1970. Ukisikiliza bendi zao kama Amanaz, WITCH au Ngozi Family utajua ninachokisema. Na wala haikuwa sauti ya mbali na kwetu. Sunburst, kundi lililozaliwa hapahapa Dar, lilivuka mpaka likaenda kurekodi albamu yake Zambia mwaka 1976, wakati roki ya huko imepamba moto.

Kiongozi wetu aliposikia mpango wangu alinijibu kwa upole tu: "Mwanangu, hilo dude litatufunika wote." Hofu yake ilikuwa na msingi. Dansi inasimama juu ya uwazi. Kila gitaa lina njia yake, na msikilizaji anapaswa kulisikia kila moja. Fazi kazi yake ni kujaza. Sauti hiyo hutoka kwenye pedali, kisanduku cha kukanyaga kwa mguu kinachokaa kati ya gitaa na amplifaya. Kwa hiyo sikuwa natafuta pedali kali kuliko zote, nilikuwa natafuta inayoweza kukaa na wenzake.

Fazi ilianzia kwenye ubovu wa mtambo. Nashville, Marekani, walipokuwa wanarekodi wimbo wa Marty Robbins uliotoka 1961, njia moja ya miksa iliharibika na besi ya nyuzi sita ya Grady Martin ikatoka imepasuka. Fundi mitambo Glenn Snoddy akaitafutia sauti ile saketi ya transista, na mwaka 1962 Gibson wakaiuza kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Waliposikika Rolling Stones wakiitumia mwaka 1965, kila mpiga gitaa aliitaka. Mwaka 1966 kampuni ya Arbiter ya London ikatoa Fuzz Face, lile duara la chuma alilolikanyaga Jimi Hendrix. Baadaye New York ikaleta Big Muff ya Electro-Harmonix. Karibu kila fazi utakayoiona sokoni leo ina damu ya mojawapo ya hizo.

Nilianza na Big Muff, niliyoazima kwa rafiki anayepiga gitaa kanisani. Ina transista nne, na noti inakaa hewani muda mrefu mpaka unaichoka mwenyewe. Chumbani ni asali. Mazoezini, drams na besi walipoanza tu, nilipotea. Pedali ile kwa asili yake inapunguza sauti za kati, na za kati ndiko gitaa la solo linakoishi. Nikipandisha volyumu nawakera wenzangu, nikiishusha sisikiki. Tena ukipunguza volyumu ya gitaa lenyewe haisafiki, inanguruma vilevile ila kwa chini. Kwa bendi ya roki ya watu watatu ningeinunua bila kufikiri. Kwa bendi yetu, hapana.

Ya pili ilikuwa ya transista mbili za jemaniamu, malighafi ya transista za zamani, ya jamaa aliyerudi nayo kutoka Uingereza. Hii ndiyo iliyonifundisha fazi ni kitu gani. Gitaa likiwa na volyumu yote, inanguruma. Ukirudisha nobu ya volyumu ya gitaa kidogo, inakuwa na ukali wa kiasi. Ukifika kwenye 4 hivi, sauti inabaki safi kabisa, yenye mng'ao ambao gitaa peke yake halina. Mguu hauhusiki, kidole kidogo cha mkono wa kulia kinatosha. Nilijua palepale kwamba ninayoitafuta ni ya namna hii.

Lakini jemaniamu na joto la pwani havipatani. Transista hizo huvujisha umeme kadiri zinavyopata joto, na saketi inahama mahali pake. Kwenye chumba chenye kiyoyozi iliimba. Usiku wa Februari, kwenye ukumbi wa wazi ambako mchana joto lilifika nyuzi 32, noti zilianza kukatika kabla ya wakati, kama mtu anayekatiza maneno. Pia transista zake zilikuwa za aina iitwayo PNP, chanya ndiyo imeunganishwa na bodi, kinyume cha pedali nyingi, hivyo haiwezi kuchangia adapta moja na pedali nyingine. Ukizifunga pamoja unapiga shoti. Ningekuwa naishi Njombe au Arusha labda ningevumilia. Dar, niliamua transista za silikoni, ambazo hazisumbuliwi hivyo na joto.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa fundi redio Kariakoo. Saketi ya Fuzz Face ni ndogo mno: transista mbili, kapasita tatu, rezista nne na nobu mbili. Nilimpelekea ramani kwenye simu, akaitazama, akaniuliza, "Hii tu, kaka? Hii si redio, hii ni nusu ya redio." Alikuwa na BC108, zile za kopo dogo la chuma, alizong'oa kwenye mitambo ya zamani, na akaniwekea kadhaa mezani pamoja na BC547 za plastiki.

Tulichokifanya kwa makini ni kuchagua. Mita nyingi za siku hizi zina matundu ya kupimia nguvu ya transista, yaani inakuza mkondo mara ngapi. Silikoni huwa na nguvu kubwa sana, nyingine hupita mara 400, na kwenye fazi hiyo si sifa. Inapiga kelele, inafoka, hata inanasa redio. Moja tuliyoijaribu ilitupa mtangazaji kabisa, kwa mbali, chini ya mlio wa gitaa. Tukachagua zenye nguvu ya chini kuliko zote alizokuwa nazo, dhaifu zaidi ikakaa mbele na ya pili ikamfuata. Fundi akaongeza kapasita ndogo ya pikofaradi 100 kati ya kolekta na bezi, miguu miwili ya transista ya kwanza, na mtangazaji akanyamaza.

Kingine tulibadilisha rezista ya kolekta ya transista ya pili, ile ya kilo-omu 8.2, tukaweka ya kuzungusha kwa bisibisi. Betri ni ya volti 9, na hapo kwenye kolekta unataka takriban nusu yake, volti 4.5. Nilikaa na gitaa, yeye ameshika mita, mimi nazungusha na kupiga. Volti ikiwa juu sana noti inakauka na kukatika. Ikiwa chini sana inavimba na kupoteza makali. Nilipopenda zaidi mita ilisoma 4.7. Tukaacha hapo, na imekaa hapo Februari na Julai.

Jinsi ninavyoitumia ndiyo habari kubwa zaidi, maana pedali hii ina masharti yake. Lazima iwe ya kwanza baada ya gitaa. Mlango wake wa kuingilia ni mwepesi, unazivuta moja kwa moja pikapu za gitaa, yaani zile sumaku zenye koili zinazonasa mlio wa nyuzi, na ule uhusiano ndio unaofanya nobu ya gitaa iweze kuisafisha. Ukitia kati kitu chenye umeme wake, kama baadhi ya pedali za kutyunia, kifaa kisicho na waya, au gitaa lenye pikapu za betri, uhusiano unakatika. Sauti inakuwa kali na nobu haina kazi tena. Wah nayo, ile pedali inayolifanya gitaa liseme "wa-wa", ukiiweka mbele ya fazi ya namna hii mara nyingi inalia ovyo, kwa hiyo yangu iko nyuma. Nobu ya fazi naiacha karibu na mwisho, sishughuliki nayo tena. Gitaa ndilo ninaloliendesha: 4 nikiwa nasindikiza mwimbaji, 7 kwenye vijibu vifupi, 10 solo likifika.

Sasa lile alilolihofia kiongozi wetu. Dansi tunapiga noti mbilimbili, kwa tatu na kwa sita, yaani ya juu ni ya tatu au ya sita kwenye ngazi ukihesabu kutoka ya chini, ndiyo ladha yenyewe. Fazi inazichukia tatu, na hesabu yake ni rahisi. Noti mbili zinapopita kwenye saketi moja inayokata vichwa vya mawimbi, zinazaa noti nyingine ambazo hukuzipiga, mojawapo ikiwa ni tofauti kati yao. Piga A ya hezi 440 pamoja na C# ya 554. Tofauti ni 114. Wakati huo besi iko kwenye A ya 110. Hizo mbili, 114 na 110, zinasuguana mara nne kila sekunde, na huo ndio ule uchafu unaosikika chini ya mlio kama kitu kinagugunwa. Piga A na E ya 659, tofauti inakaribia 220, ambayo ni A nyingine. Inapendeza, inaongeza unene. Ndiyo maana wapiga roki wanabana noti ya kwanza na ya tano, basi.

Ningeweza kuishi na tano peke yake, lakini dansi isiyo na tatu mimi sikuitaka. Tulikaa mazoezini na mwenzangu wa solo la pili tukajaribu kugawana. Mimi noti ya chini kupitia fazi, yeye ya juu, sauti safi, kila mmoja na amplifaya yake. Noti hazikutani ndani ya saketi, zinakutana hewani tu, kwa hiyo ule msuguano haupo. Tulipopiga sebene hivyo kwa mara ya kwanza mpiga tumba aliacha kupiga akatutazama. Ile tatu ilikuwa palepale, ila upande mmoja umekwaruza na mwingine unang'aa. Inadai nidhamu, kwa sababu mkipishana hata kidogo masikio yote yanajua. Tunafanya mazoezi ya vipande hivyo wawili peke yetu, bila bendi, polepole kwanza. Kiongozi wetu alisikiliza mpaka mwisho wa wimbo, kisha akasema, "Rudieni hapo." Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Ukumbini kuna jambo moja nalipigania kila mara. Mafundi mitambo wengi wanapenda kuchomeka gitaa moja kwa moja kwenye miksa, na kwa gitaa safi linakubalika. Kwa fazi ni maafa, inatoka sauti ya mbu ndani ya kopo. Spika ya gitaa haipitishi sauti za juu sana, inaanza kuzikata kwenye hezi 5,000 hivi, na huko juu ndiko fazi inakomwaga takataka zake. Spika inazichuja. Spika kubwa za ukumbi zenye twita, vile vispika vya sauti za juu, zinazitoa zote. Kwa hiyo naomba maiki mbele ya spika ya amplifaya yangu, nafika mapema, naongea na fundi kwa heshima: "Kaka, naomba maiki moja tu hapa, usiniwekee treble." Nikikosa kabisa maiki, siku hiyo fazi inabaki kwenye begi.

Mvumo nao upo. Pikapu za koili moja zinanasa umeme wa ukumbi, taa na friza za bia, na fazi inaukuza huo mvumo pamoja na kila kitu. Nikiwa napanga vyombo nazunguka taratibu na gitaa likiwa wazi mpaka nipate upande ambao mvumo unashuka, na hapo ndipo ninaposimama usiku mzima. Kati ya sentensi za solo narudisha nobu sifuri. Imekuwa mazoea, kidole kinafanya chenyewe.

Betri natumia zile za bei rahisi za kaboni na zinki zinazouzwa kila duka. Alkalaini inafanya kazi vizuri pia, lakini masikio yangu yanapenda ulaini wa hizi rahisi, hasa zikishaanza kuchoka. Pedali inakula chini ya miliampea 1, betri inakaa muda mrefu sana, mradi uchomoe jeki ya gitaa ukimaliza, kwa sababu jeki ndiyo swichi yake. Jeki ikilala ndani, betri inalala nayo.

Anayekwenda kununua fazi kwa ajili ya bendi yenye magitaa mengi, aende na gitaa lake mwenyewe, si la dukani. Aweke nobu ya fazi karibu na mwisho, kisha arudishe volyumu ya gitaa mpaka 4 na apige kodi nzima, yaani noti za nyuzi zote sita kwa pamoja. Ikisafika na kodi ikasikika noti kwa noti, aendelee kuisikiliza. Ikibaki inanguruma kwa chini, amrudishie muuzaji aombe nyingine. Ajaribu na amplifaya iliyo karibu na ile anayopigia kazini, na kama anakaa pwani aulize kabisa: transista ni za silikoni au jemaniamu? Muuzaji asipojua, afungue bati la chini aangalie namba. Skrubu ni chache tu.