Nguru kala mkia tu

Asubuhi hii, nje kidogo ya kisiwa cha Mbudya, Dar es Salaam. Mshipi umepigwa mara moja, ukalegea.

Kuuvuta: chuchunge, samaki wetu wa chambo, kabaki kichwa na kifua. Nyuma ya ndoana pamekatwa kama kwa wembe.

Huyo ni nguru. Hupenda kuanzia mkiani, na ndoana moja ya kichwani haimpati.

Dawa ni ndoana mbili. Ya kwanza ipite chini ya taya itokee juu ya kichwa. Ya pili ifungwe kwa kipande cha waya, ikae karibu na mkia, na huo waya uache ulegee kidogo. Ukikaza, chuchunge anapinda, anazunguka majini, na mshipi wote unajisokota.

Mbele ya ndoana weka waya wa sentimita 30 hadi 50. Nailoni tupu kwa meno yale? Unalisha samaki bure.

Kurambaza (kukokota chambo nyuma ya boti) kwa chambo halisi: kilomita 6 au 7 kwa saa, mshipi mita 30 hivi nyuma ya boti. Chambo kikirukaruka juu ya maji, punguza mashine.

Akishika, msizungushe mshipi mkononi jamani! Akiiona boti hukimbia tena kwa nguvu, na vidole ndivyo vinavyoumia.

Akishaingia, mtoe damu, kisha barafu papo hapo. Nguru aliyekaa juani hutengeneza histamini, sumu inayomdhuru mlaji, na kupika hakuiondoi.

Wa Kunduchi na Msasani, ndoana ya nyuma mnafunga namba ngapi?