Kisambaa jikoni, Kiswahili uani: nilivyolea wanangu kwa lugha mbili Tanga

Mimi ni Msambaa wa Mlalo, huko milimani Lushoto, mume wangu ni Mdigo wa Mkinga, na makazi yetu ni Makorora, hapa Tanga mjini. Nyumba za namna hii zimejaa huku. Baba na mama wakitoka makabila tofauti, mara nyingi kilugha cha kila mmoja huwekwa kando, watoto wakakua na Kiswahili peke yake, na hakuna anayeona kuna kilichopungua mpaka siku wanapopelekwa kwa bibi yao wakabaki kutazamana naye. Mama yangu anacho Kiswahili cha sokoni: cha kusalimia, cha kuuza viazi, cha kupandia gari. Ukimkuta katika Kiswahili utadhani ni mzee mkimya. Katika Kisambaa mama yangu ni mchekeshaji, anaigiza watu, ana majibu ya papo kwa papo ambayo ukoo mzima unayarudia misibani na harusini. Nilitaka wanangu wamjue huyo.

Mume wangu hakupinga. Kidigo kiko karibu sana na Kiswahili, kwa hiyo kwa upande wake hakuona kama watoto watapotea. Aliniambia, “Mama watoto, wewe sema nao cha kwenu, kwetu watasikia tu.”

Nilikuwa nimesoma habari za Jules Ronjat, mtaalamu wa lugha wa Ufaransa, aliyeeleza mwaka 1913 jinsi mwanawe Louis alivyokuzwa: baba anasema Kifaransa, mama anasema Kijerumani, kila mzazi anashika lugha yake. Utaratibu huo unasifiwa mpaka leo na naamini una watu unaowafaa. Kwetu haukukaa. Nyumba ya Makorora haina watu wawili tu. Ina wifi yangu, ina wapangaji, ina watoto wa jirani wanaoingia kula kama kwao. Nikimsemesha mwanangu Kisambaa mchana kutwa mbele ya wifi, ataona namsengenya, na atakuwa na haki. Basi nikagawa kwa kazi badala ya kugawa kwa mtu. Jikoni, wakati wa kuoga na wakati wa kulala ni Kisambaa. Uani, barazani na tukiwa tunakula na wengine ni Kiswahili. Binti yangu mkubwa alizoea kabla hajafika miaka mitatu. Ninakuna nazi, yeye anapepeta mchele kwenye ungo wake mdogo, na maneno yote ya pale ni ya Mlalo. Wifi akichungulia kuuliza kama bada, yaani ugali wa muhogo, imeiva, mtoto anamjibu Kiswahili, anageuka kwangu anaendelea na Kisambaa, wala hasiti.

Alichelewa kidogo kuongea, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Kila aliyekuja alisema ni kwa sababu ya lugha mbili, nichague moja. Nilichofanya ni kumpeleka kupimwa masikio. Mtoto mwenye tatizo la kusikia au la kusema ataonyesha tatizo hilo katika lugha zote mbili. Ukimnyang'anya moja, tatizo linabaki na bibi anapotea. Masikio yalikuwa salama. Nikaendelea.

Shule ya awali ikaleta jambo jingine. Mwalimu alimpa picha azitaje, na nyingine alizikodolea macho tu. Nikaitwa nikaambiwa, “Mama, mwanao yuko nyuma ya wenzake, acha kumchanganya na kilugha.” Aliyasema kwa nia njema na sikumjibu vibaya. Niliomba zile picha, nikaenda nazo nyumbani, nikazitandaza kwenye mkeka. Nilimwuliza kwa Kiswahili, kisha kwa Kisambaa, nikapanga mafungu. Kinu na mchi, jembe, figa, kila kitu cha jiko na shamba alikijua kwa Kisambaa. Ramani, kengele, baiskeli, taa za barabarani alizijua kwa Kiswahili. Picha ambazo hakuwa na jina lake hata kwa lugha moja zilikuwa chache sana. Watafiti wa malezi ya lugha mbili wanasema hivyohivyo: ukihesabu msamiati wa lugha moja tu, mtoto ataonekana ana pengo; ukijumlisha zote mbili, pengo linafutika au linabaki dogo. Ila sikuishia hapo, kwa sababu mwalimu naye alikuwa anapima kitu cha kweli. Mtoto atasomeshwa kwa Kiswahili, na asipojua kinu kwa Kiswahili atanyamaza darasani. Kwa hiyo nikaanza kumwita wifi jikoni jioni moja moja, tukapika pamoja kwa Kiswahili, ili vitu vilevile vipate jina la pili. Mzazi anayetaka kujaribu, hili ndilo ningemsisitizia kuliko yote. Sehemu moja ikishikwa na lugha moja daima, mtoto atakuwa na nusu ya dunia huku na nusu kule.

Kuchanganya hakukunisumbua. Sentensi ilianza Kisambaa ikaishia Kiswahili, au nomino ya Kiswahili ikavikwa kiambishi cha Kisambaa, na upatanisho ukawa sawasawa. Lugha zote mbili ni za Kibantu, ngeli zinafahamiana, na mtoto anayeweza kuunga namna hiyo anajua kanuni za pande mbili. Kilichomuumiza ni sauti. Katika Kisambaa kupanda na kushuka kwa sauti kuna kazi katika maana. Kiswahili hakina jambo hilo. Binti yangu alikuja na kamwendo ka milimani katika Kiswahili chake, na wenzake wa uani wakamwigiza mpaka akarudi ndani analia. Kwa muda alikataa kunijibu Kisambaa hata jikoni. Hapo sikubishana naye. Nilimpigia simu bibi yake kila jioni, nikampa simu yeye, nikaenda kufua. Bibi hakuwa na lugha nyingine ya kumchekesha, na mtoto alitaka kuchekeshwa.

Hasara ambayo sikuisoma popote kabla ya kuiona ni mzigo wa ukalimani. Mama aliteremka kutoka Mlalo akiwa anaumwa, na siku hiyo mimi nilikuwa msibani Pangani. Wifi akampeleka kituo cha afya, na kwa kuwa wifi hajui Kisambaa, binti akaenda kuwa mdomo wa bibi. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Daktari alikuwa kijana, mwanamume, mwenye adabu, akamwamkia bibi shikamoo na kuanza kuuliza. Inauma wapi? Haja ndogo anaipata vizuri? Kuna kuwashwa? Binti alisikia swali kwa Kiswahili akashindwa kulitoa. Mjukuu amwulize bibi yake hayo kwa maneno gani? Mwishowe aliuliza kwa kuzungukazunguka, na bibi, ambaye naye asingeweza kuyasema mbele ya mtoto, akajibu, “Mwambie tumbo.” Wakarudi na dawa za tumbo.

Usiku niliporudi nilikaa na mama peke yetu chumbani, akanieleza yote. Kesho yake tulirudi, wakapima mkojo, wakakuta maambukizi, akapewa dawa zilizomfaa. Alipona. Lakini binti yangu alikuwa ameelewa tangu mwanzo kwamba tatizo si tumbo, na alikaa na jambo hilo kifuani usiku kucha akidhani bibi atakufa kwa sababu yake. Nilimkumbatia nikamwambia lile halikuwa la kwake kulibeba. Tangu siku ile ukoo wetu wa Tanga una utaratibu: mtoto atatafsiri bei ya viazi, atasoma ujumbe wa simu, atamwelekeza bibi njia, lakini mwili wa mkubwa, madeni na ugomvi wa watu wazima hatavitafsiri. Akiumwa mzee, anatafutwa mtu mzima wa kabila lake. Katika mji huu Wasambaa hawakosekani, na hata manesi wapo. Ukiuliza mapokezini kwa upole, mara nyingi anapatikana.

Kidato cha kwanza kilileta Kiingereza, kwa maana ya masomo karibu yote. Nilitumaini kuwa mtoto wa lugha mbili ataichukua ya tatu kwa urahisi. Msamiati haukumjia rahisi hata kidogo; alihangaika na Biolojia kama wenzake. Alichowazidi ni kutoogopa. Alishazoea kuwa katika chumba ambamo hajui kila neno, akauliza, akaendelea. Jim Cummins, mtafiti wa Kanada, alionyesha kwamba lugha ya mazungumzo mtoto huweza kuipata kwa takriban miaka miwili, lakini lugha ya masomo huchukua miaka mitano hadi saba. Nilipolielewa hilo niliacha kumwuliza kwa nini anaongea vizuri na anafeli mtihani. Tulikuwa tunasoma sura ya kitabu kwa Kiingereza, ananieleza kwa Kiswahili, kisha anaandika tena kwa Kiingereza.

Kuhusu akili, watu husema mengi. Mwaka 1962 Elizabeth Peal na Wallace Lambert, huko Montreal, waliona watoto wa lugha mbili wakifanya vizuri zaidi katika vipimo, baada ya miaka mingi ya wataalamu kudai kinyume. Mwaka 2007 Ellen Bialystok na wenzake wa Toronto waliona dalili za ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu zikichelewa takriban miaka minne kwa wazee wa lugha mbili. Wengine wamerudia tafiti za namna hiyo na hawakuona tofauti. Mimi singemshawishi mzazi kwa hoja hiyo. Ningempeleka Mlalo akamwone binti yangu na bibi yake wakimenya viazi.

Mdogo wake ana hali nyingine. Anaelewa kila ninachomwambia jikoni, ila anajibu kwa Kiswahili, kwa sababu alipozaliwa nyumba tayari ilikuwa na dada wa shule anayemsemesha Kiswahili tangu kitandani. Simlazimishi. Anajibu Kiswahili, namrudishia Kisambaa, tunasonga mbele. Likizo ya Desemba atakwenda Mlalo bila dada yake, maana dada akiwepo humtafsiria kila kitu. Kaka yangu huko ana watoto wa rika lake wawili, na nimeshamwomba asiwaambie wamsemeshe Kiswahili.