Nilivyolisoma wimbi la mvutano kwa kompyuta ya nyumbani, Tanga

Kila inapotangazwa kwamba wanasayansi wamegundua jambo jipya, swali langu la kwanza ni kama data zake zimewekwa wazi kwa umma, na la pili ni kama kompyuta mpakato niliyo nayo hapa nyumbani Chumbageni inaweza kuzikokotoa. Nimesomea fizikia ya ukokotoaji, yaani fizikia ya mtu anayetafuta majibu kwa kuandika programu, na kwa muda mrefu nilizifuata habari za ugunduzi kama msomaji mwingine yeyote: nikifurahi, nikiwasimulia wenzangu, kisha nikingoja habari nyingine. Furaha hiyo ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa furaha ya kusimuliwa. Namna nilivyopata ile ya kujionea inahusu ugunduzi mmoja ambao mpaka leo unanisisimua, nao ni ule wa mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya nafasi yenyewe inayosambaa pale vitu vizito mno vinapozungukana.

Kuwepo kwa mawimbi hayo kulitabiriwa na Albert Einstein mwaka 1916, lakini yalinaswa kwa mara ya kwanza tarehe 14 Septemba 2015 na vitambuzi viwili vya LIGO, mradi wa kuyasaka mawimbi hayo nchini Marekani, kimoja kikiwa Hanford katika jimbo la Washington na kingine Livingston katika jimbo la Louisiana. Kwa saa zetu ilikuwa Jumatatu, saa sita na dakika hamsini mchana, muda mfupi baada ya adhuhuri, na hakuna hata mmoja wetu aliyehisi chochote, ingawa wimbi lile lilipita katika miili yetu pia. Kila kitambuzi kina mikono miwili yenye urefu wa kilomita 4, ambamo miali ya leza huenda na kurudi kati ya vioo. Wimbi linapopita, mkono mmoja hurefuka huku mwingine ukifupika. Badiliko lililopimwa siku hiyo lilikuwa la kadiri ya 10 kwa kipeo cha hasi 21 ya urefu wote, maana yake ni kwamba mkono wa kilomita 4 ulibadilika kwa kiasi kilicho kidogo mara mamia kuliko kipenyo cha protoni.

Nilitarajia kwamba data za ugunduzi mkubwa kiasi hicho zingehitaji bando ambalo nisingeweza kulimudu. Kumbe faili linalohitajika lina sekunde 32 tu za vipimo, vilivyochukuliwa mara 4,096 kwa kila sekunde, kwa hiyo ni namba 131,072 kwa kila kitambuzi, na uzito wake ni takriban megabaiti moja. Picha mnato ya simu mara nyingi huwa nzito kuliko hapo. Nilipakua mafaili mawili, moja la Hanford na moja la Livingston, nikafungua lugha ya Python pamoja na maktaba zake za hisabati, ambazo zote hupatikana bure, nikachora grafu.

Katika grafu hiyo hapakuonekana wimbi lolote. Kilichoonekana ni mtikisiko mpana wa polepole, unaotokana na ardhi na mitambo yenyewe, ambao ni mkubwa mara mamia kuliko kile nilichokuwa nakitafuta. Hapa ndipo kazi niliyokuwa nimeifanya zamani kuhusu maji ya bahari yetu iliponifaa. Mtu yeyote aliyekulia pwani ya Tanga anajua kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kwamba mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu huja bamvua, ilhali katikati yake huja maji mafu. Chini ya mabadiliko hayo kuna miondoko kadhaa inayojirudia, kila mmoja kwa muda wake: ule mkuu wa Mwezi huchukua saa 12.42, ule wa Jua huchukua saa 12 kamili, na kwa kuwa miondoko hiyo hupishana kidogo kidogo, huongezeana nguvu kila baada ya siku 14.77, nalo bamvua likatokea. Niliwahi kuandika programu ya kuitenganisha miondoko hiyo kwa mgeuzo wa Fourier, hesabu inayoonyesha ni miondoko ipi inayojirudia imo ndani ya data. Programu ileile, baada ya kubadilishwa kiasi, iliweza kuzitenganisha frikwensi (idadi ya mizunguko kwa sekunde, inayopimwa kwa hezi) zilizomo katika data za LIGO.

Siwezi kupita hapa bila kuusifu mgeuzo wa haraka wa Fourier, ambao James Cooley na John Tukey waliuchapisha mwaka 1965. Kwa njia ya kawaida, namba 131,072 zingehitaji hatua zipatazo bilioni 17. Kwa njia yao, zinahitaji zaidi kidogo ya milioni 2. Kompyuta yangu ilimaliza kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe.

Katika picha ya frikwensi, kelele za kitambuzi hujitokeza waziwazi: mlima mkubwa upande wa frikwensi za chini, na vilele vyembamba hapa na pale. Kilele kimoja kiko kwenye hezi 60 kamili, kwa kuwa huo ndio mpigo wa umeme wa gridi ya Marekani. Kitambuzi hicho kingejengwa hapa kwetu, kilele kingekaa kwenye hezi 50. Nilifurahi sana kukiona, kwa sababu kilinithibitishia kwamba nilikuwa nashika kipimo halisi chenye alama za mahali kilipochukuliwa. Kazi iliyofuata ilikuwa kuigawa kila frikwensi kwa kiwango cha kelele kilichozoeleka hapo, ili isiwepo frikwensi inayozimeza nyingine kwa sababu tu ina kelele nyingi, kisha kubakiza zile zilizo kati ya hezi 35 na 350. Nikarudisha data kwenye mfumo wa muda, nikachora tena. Safari hii wimbi lilikuwapo: mizunguko ipatayo 8 katika muda wa sekunde 0.2, ikianza taratibu, ikiharakisha na kukua, kisha ikanyamaza ghafla.

Mpwa wangu, anayesoma kidato cha sita mchepuo wa PCM, alikuwa ameketi kando yangu akitazama.

"Mjomba," akaniuliza, "tutajuaje kwamba hiyo nayo si kelele tu iliyosalia?"

Ni swali ambalo kila mtu anayependa sayansi anapaswa kuliuliza, na jibu lake lilikuwa katika faili la pili. Nilimwomba achore data za Livingston kwa njia ileile, azisogeze mbele kwa milisekunde 7, kisha azigeuze juu chini, kwa sababu vitambuzi hivyo viwili havikuelekezwa upande mmoja. Michoro miwili ikalaliana. Vituo hivyo viko umbali wa takriban kilomita 3,000, umbali ambao nuru huuvuka kwa milisekunde 10, kwa hiyo pishano la milisekunde 7 linaafikiana na wimbi linalosafiri kwa kasi ya nuru na kufika kwa mshazari. Watafiti wenyewe walikwenda mbali zaidi, wakasogeza data za kituo kimoja dhidi ya kingine mara nyingi mno ili wahesabu ni mara ngapi kelele peke yake ingeweza kuleta mfanano wa namna hiyo, wakaona kwamba hali hiyo isingetokea zaidi ya mara moja katika miaka 203,000.

Lakini sehemu iliyonikosesha usingizi ni ile ya kupima tungamo la magimba yaliyolitoa wimbi hilo. Magimba mawili yanayozungukana hupoteza nishati kupitia mawimbi ya mvutano, yakakaribiana, na kwa kukaribiana yakazunguka kwa kasi zaidi. Jinsi frikwensi inavyopanda huamuliwa na namba moja tu, inayopatikana kwa kuchanganya matungamo ya magimba yote mawili. Nilisoma kwenye grafu nyakati ambazo wimbi lilikata mstari wa sifuri, na kwa kuwa pengo kati ya mikato miwili ni nusu ya mzunguko, nikapata frikwensi kwa kila hatua. Ukiipandisha kila frikwensi kwa kipeo cha −8/3 na kuichora dhidi ya muda, nukta hujipanga karibu na mstari mnyoofu unaoshuka, na mteremko wa mstari huo ndio unaotoa tungamo hilo la mchanganyiko, ambalo si jumla ya yote mawili. Jibu langu liliangukia kati ya mara 30 na mara 40 ya tungamo la Jua, wakati hesabu kamili za watafiti hutoa takriban 30. Kwa njia ya rula na penseli, ambayo mwanafunzi wa kidato cha sita anaweza kuifuata, nililihesabu hilo kuwa jibu zuri.

Ikiwa magimba hayo yanalingana, tungamo lao kwa pamoja ni mara 70 hivi ya Jua. (Makadirio yaliyochapishwa ni 36 na 29, jumla 65, kwa sababu kutanuka kwa ulimwengu kulilinyoosha wimbi kwa takriban asilimia 9 lilipokuwa safarini kwa zaidi ya miaka bilioni moja.) Wimbi lilipofikia hezi 150, magimba yalikuwa yakizungukana mara 75 kwa sekunde, na kanuni ya Kepler inasema kwamba vitovu vyao vilikuwa vimetengana kwa kilomita 350 tu, karibu sawa na safari ya basi kutoka Tanga hadi Dar es Salaam kupitia Chalinze. Jua letu lina kipenyo cha kilomita milioni 1.39. Tungamo la majua 70 haliwezi kukaa katika nafasi hiyo likaendelea kuzunguka bila kugusana, isipokuwa likiwa la mashimo meusi, yaani magimba yaliyobanana kiasi kwamba hata nuru haiwezi kutoka humo. Nilipofika kwenye mstari huo wa hesabu niliinuka, nikazunguka chumbani, nikarudi kuukagua upya, na namba hazikubadilika.

Tangu hapo nimekuwa nikizipokea habari mpya kwa namna hiyo. Mwezi Septemba 2025 yalitangazwa matokeo ya wimbi lililonaswa tarehe 14 Januari 2025, lililotokana na mashimo meusi yanayokaribia kulingana na yale ya kwanza, ila limesikika kwa uwazi mkubwa zaidi kwa kuwa vitambuzi vimeboreshwa. Watafiti walilitumia kupima nadharia ya Stephen Hawking ya mwaka 1971, isemayo kwamba jumla ya maeneo ya nyuso za mashimo meusi haipungui kamwe. Kwa matungamo ya mara 33 na 32 ya Jua, na kwa kudhani kwamba mashimo hayo hayakuwa yakijizungusha, mimi nilipata jumla ya takriban kilomita za mraba 230,000. Wao wametoa 240,000 kabla ya kuungana na 400,000 baada ya kuungana, ingawa tungamo lililobaki lilikuwa dogo kuliko jumla ya yale mawili.

Mpwa wangu kwa sasa anashughulikia data za tarehe 17 Agosti 2017, za nyota mbili za nyutroni, yaani masalia yaliyoshindiliana ya nyota kubwa zilizolipuka. Kwa data hizo njia yetu ya kusoma mikato ya sifuri haitoshi, maana wimbi linadumu kwa zaidi ya sekunde 100 likiwa limefunikwa na kelele, na katika data za Livingston kuna mshtuko wa mtambo uliotokea sekunde moja hivi kabla ya nyota kuungana, ambao ni lazima uondolewe kwanza. Ameshaandika sehemu ya programu inayochora frikwensi dhidi ya muda, na Jumamosi tutaijaribu.