Nililaumu mbegu, kumbe kosa lilikuwa la miezi

Kila niliyemuuliza kwa nini ndama wangu hawakui alinijibu neno moja: mbegu. "Mzee, tafuta dume wa maana, hao ng'ombe wako wa kienyeji wataishia kuwa mbuzi." Nikauza maksai wawili na mahindi ya stoo, nikamleta hapa Kongwa dume wa Boran, aina ya ng'ombe wakubwa wa nyama, mweupe, nundu imesimama. Milioni mbili na ushee zikaondoka. Mwaka uliofuata ndama walizaliwa wakubwa, wa kuvutia, na wengi wao kufika miezi minne wakawa mbavu tupu. Majirani wakaniita Mzee Boran, na si kwa heshima.

Nikataka nijue wanaongezeka kiasi gani. Nikaazima mizani ya kupimia magunia ya alizeti, nikamtia ndama kwenye gunia, kichwa nje, tukamning'iniza. Mshale haukutulia hata kidogo. Kisha akatuharishia watu watatu kwa mpigo, gunia likachanika, akatoka mbio nalo shingoni hadi kisimani, ambako kina mama hadi leo wakiniona wanaangua kicheko. Nikahamia kwenye kamba: naizungusha kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, napiga fundo. Kila mwezi fundo moja, kila ndama na kamba yake ukutani. Haitaji kilo, lakini haidanganyi.

Kamba zikaniumbua. Za ndama wa Desemba mafundo yameachana vizuri; za wa Juni, baba yuleyule, yamebanana kama shanga. Huku Dodoma msimu wa mvua ni mmoja tu, Desemba hadi Aprili. Anayezaa Juni anatafuna mabua, maziwa yatoke wapi? Na hayo kidogo nilikuwa nakamua mimi, asubuhi na jioni! Waliodhoofu kupita wote ni wa mitamba wa uzao wa kwanza, maana mama mwenyewe bado anakua.

Ng'ombe hubeba miezi tisa, nikahesabu kwa vidole. Sasa dume anakaa zizini kwangu Machi na Aprili tu, miezi mingine nampeleka kwa shemeji. Maziwa ya jioni nimewaachia ndama. Mke wangu alininunia wiki nzima. Dawa ya minyoo sisemi, hiyo kila mtu anaijua.

Ndama wa mwaka huu, fundo la kutimiza miezi sita limewapita wale wa Juni kwa vidole vitano. Shemeji naye kapata ndama kumi na mmoja wa Boran bila kutoa hata shilingi, karibu wote wa kiangazi. Juzi kanipigia simu, analalamika kwamba mbegu yangu ni mbovu.