Kumbukumbu ya mradi: sinia la maji la kupigia picha za ndege

Maji sasa yanadondoka kutwa kucha bila kukatika, na hilo ndilo lililoleta ndege. Maji yaliyotulia hayaonekani kwa urahisi wala hayasikiki kutoka juu. Tone likipiga uso wa maji, maji humeremeta na kutoa sauti, na ndege anayepita hushuka kuchungulia. Anayeanza nyumbani aanze na maji kabla ya chakula. Chakula cha nafaka huvuta walao nafaka tu, lakini walao wadudu, matunda na nekta nao wanakunywa na kuoga.

Sinia ni la udongo, upana sentimita 45, kina sentimita 2 ukingoni na 5 katikati. La plastiki laini huwatelezesha ndege wadogo, hivyo linahitaji jiwe bapa ndani yake. Juu yake, kwa mita 2, linaning'inia dumu la lita 5 lenye mpira wa dripu na kigurudumu chake cha kubania. Kasi ni tone 1 kwa sekunde. Matone 20 hivi hufanya mililita 1, kwa hiyo dumu linamaliza kama saa 28.

Dripu ina matatizo mawili. La kwanza: inadhoofika na kukata huku maji bado yamo. Dumu limefungwa kabisa, hewa haiingii kuchukua nafasi ya maji yanayotoka. Toboa tundu dogo juu ya dumu, ulifunike kwa kipande cha wavu mbu wasiingie. La pili: kasi inapungua kadiri dumu linavyokauka, kwa sababu kinachosukuma maji ni kimo chake juu ya ncha ya mpira. Dumu likiwa sentimita 30 tu juu ya sinia, maji yakishuka sentimita 25 ndani yake, kasi inapungua karibu nusu. Likiwa mita 2 juu, upungufu ule ule ni kama moja ya tisa, na huna haja ya kugusa kigurudumu.

Elekeza tone kwenye pembe ya mbali ya sinia. Likiangukia katikati, viwimbi vinavunja taswira ya ndege majini, na hiyo ndiyo nusu ya uzuri wa picha.

Maji yote yamwagwe kila baada ya siku 2 na sinia lisuguliwe kwa brashi. Mbu hawapati muda wa kukua, na kinyesi hakigeuki chanzo cha maradhi kwa ndege wanaokusanyika hapo. Mara moja kwa wiki tumia dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa 9 za maji, kisha suuza sana na anika mpaka likauke kabisa.

Sasa dirisha, ambalo watu wengi hawalifikirii. Sinia liko mita 4 kutoka kwenye kioo, umbali unaoifaa lenzi lakini mbaya kwa ndege. Akishtuka huwa tayari ameshika kasi kamili anapokifikia kioo kinachoakisi miti, na kipigo kinaweza kumuua. Chini ya mita 1 hawahi kushika kasi hiyo. Kwa kuwa picha haziwezi kupigwa kutoka mita 1, kioo chote kina nukta zilizoachana sentimita 5, upande wa nje. Zikibandikwa ndani, mwakisi unazificha. Stika moja ya mwewe haisaidii, maana ndege huikwepa hiyo na kugonga pembeni yake.

Picha zinapigwa dirisha likiwa wazi, pazia zito likiwa na mwanya wa lenzi. Usipige kupitia kioo, hasa kwa mshazari, kwani manyoya hupoteza makali. Chumba kikiwa na joto kuliko nje, fungua dirisha nusu saa kabla, la sivyo hewa moto inayotoka mbele ya lenzi itaifanya picha ionekane kama inachemka. Hakuna fokasi itakayoirekebisha.

Sinia limewekwa juu ya stendi ya mita 1, ili lenzi ya aliyeketi kitini iwe sentimita 5 hadi 10 tu juu ya usawa wa maji. Kwa lenzi ya 400 mm katika f/5.6 (kipimo cha uwazi wa tundu la lenzi), kamera ya sensa ya APS-C (ndogo kuliko ile ya fremu nzima) na ndege akiwa mita 4, kina cha sehemu inayokuwa kali ni kama sentimita 2. Ndiyo maana tawi la kutua limepangwa kukingama mbele ya kamera, si kuielekea. Ndege akikaa ubavu, mdomo, jicho na mkia vyote vinakuwa kali. Majani ya nyuma yako mita 6 zaidi, nayo yanayeyuka yakawa rangi tupu. Kufungua lenzi zaidi hakuleti faida hiyo kama vile kusogeza majani mbali.

Kasi ya shata (kilango kinachopitisha mwanga kwenye sensa), kwa sehemu ya sekunde: 1/500 kwa ndege aliyetulia tawini, 1/2000 anapooga, 1/3200 anaporuka. Ninaweka kasi na tundu la lenzi kwa mkono na kuiachia kamera ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga). Yangeyange mbele ya majani meusi mpunguzie mwanga theluthi mbili ya stopu hadi stopu 1 (stopu 1 ni nusu ya mwanga, au mara mbili yake ukiongeza), maana manyoya meupe yaliyoungua hayarudi hata kwenye faili la RAW (picha ghafi ya kamera). Kunguru mbele ya anga muongezee kiasi hicho hicho. Shata ya kielektroniki ikisoma sensa polepole hupinda mabawa. Tumia ya kimekanika.

Safarini kanuni ni zile zile. Mfuko wa kitambaa usafiri mtupu na ujazwe kilo 2 za maharage ukifika, uwekwe kwenye dirisha la gari kuegemeza lenzi. Zima injini, kwani mtikisiko na joto la boneti vyote huharibu picha. Betri za akiba za lithiamu zipande nawe ndani ya ndege, si kwenye mzigo wa chini, ncha zake za umeme zikiwa zimezibwa kwa utepe. Ukitoka kwenye kiyoyozi kuingia hewa yenye joto na unyevu, iache kamera ndani ya begi lililofungwa kwa muda wa hadi saa nzima, vinginevyo ukungu utaganda kwenye lenzi. Kwenye kiota usikate jani hata moja, maana hilo ndilo kivuli cha makinda na maficho yao. Kabla ya kuionyesha picha, futa taarifa za mahali ilipopigwa.

Kinachofuata ni jua la mchana, linalotia kivuli kikali chini ya jicho. Nafunga shuka jembamba jeupe la mita 1 kwa 1.5, mita 1.5 juu ya sinia, likiwa na tundu la kupitisha mpira wa dripu na kamba za kulikunja upepo unapoanza, kwa sababu shuka linalopepea linafukuza ndege wote.