Daftari la vipimo na wiki ya matokeo

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Majengo, Dodoma mjini. Mwaka 2015 nilishona kuliko mwaka wowote kabla yake, na sikubagua mteja: mashati ya kijani ya CCM yenye kola ya njano, magwanda ya kaki ya Chadema, vyote vilipita kwenye sindano moja. Pesa haina chama. Mimi nilikuwa nacho, na wateja walikijua, maana redio ya kibandani haikuwa inaficha.

Mwezi wa saba mwaka ule mkutano mkuu wa CCM ulifanyika hapa hapa kwetu. Gesti zilijaa, na bei ya chumba ikapanda kama ya nyanya za Januari. Jina la Edward Lowassa, aliyetaka kugombea urais kwa chama hicho, likakatwa, na tarehe 12 John Magufuli akatangazwa kuwa mgombea. Kabla mwezi haujaisha Lowassa akahamia Chadema, akabeba bendera ya UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani. Sisi tuliozoea kushindwa kwa mbali tukapata wazimu mpya. Mwaka 2010 Dk. Slaa, mgombea wa Chadema, alipata kama asilimia 27 tu, safari hii viwanja vinafurika. Wenzangu walitumaini. Mimi nilishavuka hapo, nilikuwa najua kabisa kwamba tunashinda.

Jumapili ya tarehe 25 Oktoba nilikuwa kwenye foleni kabla ya saa moja asubuhi. Jioni vituo vilipofungwa nikarudi kusubiri hesabu. Usiku karatasi ya matokeo ikabandikwa ukutani, nikaisoma kwa tochi ya simu. Mgombea wangu alikuwa nyuma, wala si kidogo.

"Hapa ni Dodoma, fundi," jirani yangu akasema. "Subiri Dar. Subiri Kaskazini."

Nikalishika neno hilo. Ndilo lililonitesa siku nne.

Kuanzia Jumatatu Tume ya Uchaguzi ikawa inasoma matokeo kutoka Dar es Salaam, majimbo machache kwa awamu, na yote yalikuwa 264. Nikachukua daftari langu la vipimo, nikaligeuza, nikaanza kuandika kurasa za nyuma. Mbele ni kifua 38, kiuno 34, urefu wa mkono 23. Nyuma ni majimbo. Kila tulipozidi kuachwa nilijaza pengo kwa kura ambazo hazijatangazwa: Ubungo bado, Moshi bado, Arusha bado. Kichwani mwangu majimbo hayo yalikuwa na wapiga kura wengi kuliko watu wanaoishi humo. Makundi ya WhatsApp nayo yalinipa kila namba niliyoitaka, kila kundi na zake. Saa nane usiku nilikuwa bado nanunua bando.

Jumatano akaja bibi mmoja wa Kigogo, mteja wangu wa siku nyingi, kuchukua gauni la kitenge la harusi ya mjukuu wake. "Mbukwenyi," akasalimu kibanda kizima, akaenda nyuma ya pazia kujaribu. Akatoka mabega yamemkwama, kitambaa kimejikunja makwapani. Nilikuwa nimeshona mkono wa kulia kushoto na wa kushoto kulia. Miaka kumi na moja ya ufundi, kosa la mwanafunzi wa wiki ya pili.

"Mwanangu, unaumwa?"

Nikamwambia ni macho. Ukweli ni kwamba siku hiyo uchaguzi wa Zanzibar ulikuwa umefutwa, na nilikuwa nimeshona gauni lile sikio likiwa redioni, nikiwaza labda na huku Bara kitatokea kitu. Umeme ukakatika. Nikakaa na taa ya mafuta na wembe, nafumua tundu baada ya tundu, bibi ananisubiri kwenye benchi bila kusema neno. Afadhali angenitukana.

Jioni hiyo mwanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dodoma alifuata suruali yake, akaliona daftari. Akaniuliza nahesabu nini. Nikamweleza. Akacheka kwanza, kisha akanieleza ibara ya 41 ya Katiba: Tume ikishamtangaza mtu kuwa amechaguliwa kuwa Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza uchaguzi wake. Hilo nilikuwa nalisikia tu juujuu. Kulisikia kutoka kwa kijana aliyeshika suruali yake begani kulinifanya nikae chini. Hata jumla yangu ingetoka vipi, hakuna mtu wa kumpelekea daftari la vipimo.

Usiku ule nikampa mama Neema simu. Nikamwambia asinipe mpaka Ijumaa, hata nikiomba kwa adabu. Redio nikaiacha kwa taarifa ya habari ya saa mbili usiku tu. Nilijaribu pia kwenda Nyerere Square kupoteza mawazo, na huko simshauri mtu. Kila benchi lilikuwa na mchambuzi wake, nikarudi hali yangu mbaya kuliko nilivyotoka.

Alhamisi tarehe 29 Jaji Damian Lubuva, mwenyekiti wa Tume, akasoma jumla. Magufuli kura 8,882,935, asilimia 58.46. Lowassa 6,072,848, asilimia 39.97. Nikaziandika chini ya ukurasa wa mwisho, nikapiga mstari. Milioni sita si haba, mgombea wa upinzani hakuwahi kufika hapo. Ila nisidanganye, usiku ule milioni sita hazikunisaidia kitu. Ugali wa uwele na mlenda, chakula ninachokipenda, niliuacha nusu.

Kilichonisaidia ni simu. Nina shemeji Mpwapwa, kijani damu, ambaye kampeni nzima tulirushiana maneno. Nilijua asubuhi atapiga. Nikamwomba mama Neema simu kwa dakika mbili, nikampigia mimi.

"Shemeji, hongera. Mmeshinda."

Kimya. Alikuwa na kejeli zake tayari, nimemwahi. "Basi… asante shemeji," akasema. "Neema hajambo?" Tukaongelea mvua. Kwa wiki nzima ile, hicho ndicho kitu pekee nilichofanya kwa akili, na ningeanza nacho kama ningejua.

Likabaki gwanda moja. Mwenyewe ni fundi ujenzi, aliacha advansi mwezi wa tisa, matokeo yalipotoka hakuonekana tena. Nililitundika mlangoni labda atapita. Alikuja Desemba, mvua ya kwanza imeshanyesha, akaliangalia kama la mtu mwingine.

"Suruali ipunguze," akasema. "Mkubwa anaingia kidato cha kwanza. Shati utoe kaptura ya mdogo wake." Serikali mpya ilikuwa imeshatangaza elimu bila ada kuanzia Januari 2016. "Ada wamefuta," akaongeza, "sare bado iko shingoni mwangu."

Nikafumua nembo ya mfukoni kwa wembe. Jua lilikuwa limeifubaza kaki yote isipokuwa pale chini ya nembo, ikabidi nikate kwa hesabu ili kipande hicho kiingie ndani ya pindo. Akauliza bei. Nikatoa advansi yake, akalipa iliyobaki.